Mafunzo ya hesabu za duka hapa Mwenge, nimeyapenda

Wenye maduka, saluni na genge, nawaambia haya mafunzo ya jioni yanalipa. Hamna projekta wala maneno magumu, mnakaa na kaunta buku na kalamu mnachora safu nne: tarehe, maelezo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, basi unaanza kuandika mauzo ya siku hiyo hiyo. Kilichonigusa ni pale mwalimu alipomwambia dada mmoja aandike hata ule unga kilo 2 aliochukua dukani kwenda kupika kwake, kwamba hayo ni matumizi ya mwenye duka, usipoyaandika mwisho wa mwezi unadhani duka halina faida kumbe limeliwa na nyumba yenyewe! Wadaiwa nao wana ukurasa wao, jina, kiasi, tarehe, akilipa unakata mstari.

Kwenye kodi ndo nilichangamka zaidi. Mauzo yakiwa kati ya milioni 4 na 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu za hesabu TRA (mamlaka ya mapato) wanamkadiria laki 1, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, so ukiuza milioni 5 ni elfu 30 tu. Elfu 70 hiyo inabaki kwako jamani.

Kasoro, uchakavu wa mali (vifaa vya duka kushuka thamani kadri vinavyotumika) wameupitia mbio mbio sana, na vile vikaratasi vya kopi vimefifia havisomeki. Wanaanza saa 11 jioni, ukichelewa viti vimejaa.