Mnara wa Hunter au wa Overlook mwezi Novemba?

Kwa anayetaka kupanda na kurudi siku hiyo hiyo katika milima ya Catskill, jimbo la New York, minara miwili ya zamani ya kuchungulia moto wa misitu inastahili kulinganishwa. Wa Hunter umesimama kwenye kilele cha mita 1,231, juu kuliko minara mingine yote ya aina hiyo jimboni, lakini njia ya Spruceton ni takriban kilomita 11 kwenda na kurudi, na mwishoni mwa Novemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu. Overlook, karibu na Woodstock, una mita 957 tu. Njia yake, ambayo ni barabara pana ya changarawe, ni kama kilomita 8 kwa jumla, ingawa mwinuko wake haukupi nafasi ya kuvuta pumzi. Huko utapita kwenye kuta tupu za saruji za hoteli iliyoachwa, miti ikiota ndani yake, na mnarani utauona mto Hudson. Mimi ningechagua Overlook, hasa barafu inapoanza kuganda kwenye ngazi za chuma. Popote uendako, vaa rangi ya chungwa, kwani ni msimu wa kuwinda kulungu.