Nilimwita daktari wa mifugo kwa punda wangu, Tabora: uzoefu wangu

Hasira hii nimeibeba tangu mavuno ya mpunga. Wenye mikokoteni wenzangu wa Tabora mjini, huduma hii ya mifugo ya kuitwa nyumbani msiipigie simu. Au ipigieni, lakini kwanza mnisikilize.

Punda wangu anaitwa Subira. Ndiye anayetulisha: asubuhi madumu ya maji, mchana magunia kwenda mashineni. Akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, goti limevimba, ukilishika lina moto. Akaja bwana mmoja na pikipiki, umri wa mwanangu wa kwanza, hata shikamoo hakunipa. Akamtazama Subira kutoka mlangoni mwa banda, akamchoma sindano ya maumivu shingoni. Lile goti hakuligusa. Nikamuuliza mnyama apumzike siku ngapi. Akasema, "Mzee, huyu ni punda tu, si farasi wa mbio. Kesho anavuta." Nikalipa elfu thelathini.

Kweli, kesho yake akavuta, na mimi mjinga nikafurahi. Siku ya tatu, tuko njiani Kiloleni na magunia sita, akapiga magoti chini na mkokoteni ukamlalia. Hakulia. Alinitazama tu, masikio yamelala nyuma. Picha ile haijanitoka.

Nilikwenda ofisini kwao nikafoka mpaka watu wakatoka nje. Wakanipa kijana aliyekuwa pale kwa mafunzo, nadhani ili nitulie.

"Shikamoo baba," akasema, tukaenda naye bandani kwa Subira, akapiga magoti kwenye samadi. Akaweka viganja vyote viwili kwenye magoti mawili, kupima lipi lina joto zaidi. Akaweka kifaa cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, akahesabu dakika nzima kwa saa yake: 68. Akanieleza kwamba punda aliyetulia huwa kati ya 36 na 52 hivi, na farasi chini zaidi, 28 hadi 44. Maumivu hupandisha mapigo, kwa hiyo moyo unasema kile ambacho punda anaficha. Farasi akiumia utamjua mapema. Punda huvumilia, na ukimwona anachechemea, ujue ameumia muda mrefu. Akanivisha kifaa masikioni nisikie mwenyewe. Nilikuwa na Subira miaka mingi, sikuwahi kuusikia moyo wake.

Akasema sindano ile ilizima maumivu, haikutibu kiungo, ndiyo maana alivuta akijiumiza. Gegedu, ile inayozuia mifupa isisagane, haina mishipa ya damu, hivyo ikichanika haiponi kama nyama. Na utafiti mwingi wa dawa za viungo umefanyiwa farasi: fenilbutazoni, kwa mfano, dawa ya maumivu na uvimbe, mwili wa punda huitoa haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo ratiba ya dozi ya farasi huenda isimtoshe. Kwa nini sikuambiwa haya siku ya kwanza? Au kwa sababu ni punda?

Tulimfunga bandeji, akawekewa nyasi kavu ya kulalia, akakaa bila kazi wiki nyingi. Mimi na wanangu tulisukuma madumu kwa toroli. Kijana akawa anapita jioni kumtazama, hata siku ambazo hatukumpa kitu. Kwa hilo nilitaka kuandika kwamba huduma ni nzuri sana, na kwa kijana yule ni nzuri, mtu wa namna hiyo hapatikani.

Lakini nikifika hapa damu inapanda tena. Subira anatembea, mzigo mzito hatavuta tena, na elfu thelathini zangu hazijarudi. Mkipiga simu, mwombeni yule kijana wa mafunzo, kama bado yupo. Akija yule wa pikipiki, msimfungulie geti.