TAHADHARI: Mkora wa "meza ya wakurugenzi" amenila, na sasa anatembea na jina langu

Wenzangu, nimekaa na jambo hili siku kumi na moja bila kumwambia mtu wa karibu, hata dada yangu wa Ngong. Ningekaa nalo hadi kaburini. Lakini jana asubuhi yule mteja wetu wa Athi River amenipigia anacheka: "Mama, nasikia tutakula pamoja Alhamisi." Tukale wapi? "Si ile meza ya wakurugenzi? Wamesema wewe ushathibitisha." Tumbo likanigeuka papo hapo.

Basi aibu ikae kando. UKISIKIA JINA LANGU KATIKA MWALIKO WOWOTE WA CHAKULA CHA JIONI CHA WAKUBWA WA KAMPUNI, NI UWONGO. Sijathibitisha, siendi, na mtu asitoe hata shilingi kwa sababu ameambiwa nitakuwepo.

Sasa mnisikilize nilivyoliwa.

Mnajua kwamba tangu mzee aliyeanzisha kampuni yetu atutoke, pale ofisini hakuna wa kumuuliza swali la kimo changu. Kijana wa hesabu ni mzuri lakini ni kijana. Madereva wananiogopa. Benki hunipigia wakitaka chao. Wewe ukiwa ndiye bosi, utamwambia nani "leo sijui la kufanya"? Jamaa aliliona pengo hilo akaingilia hapo hapo, kama mwizi aliyeambiwa mbwa amefungwa.

Simu iliingia Jumanne. Sauti ya upole, Kiswahili kimenyooka kama cha watangazaji wa zamani. Na hakuniuzia kitu! Hapo ndipo nawaomba mshike, maana watu wataniambia "na wewe kwa umri wako ulilipaje?" Hakuniuzia. Alisema mwanachama mmoja amelipendekeza jina langu, hawezi kumtaja, na kwamba wao huwa watu 12 tu, mara nne kwa mwaka, wakizungumza yale ambayo mkubwa hawezi kuyasema mbele ya wafanyakazi wala waandishi wa habari. Halafu akashusha sauti: "Lakini Madam, sikuahidi. Kamati bado inachuja."

Inachuja! Mimi niliyepigania malori bandarini Mombasa na wanaume wenye ndevu, nikaanza kuomba Mungu nisichujwe.

Ijumaa akaja ofisini. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi hadi taa ya dari inaonekana ndani yake. Saa yake ilikuwa na mkanda wa ngozi uliochakaa kidogo, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hiyo ndiyo dalili ya tajiri wa kweli, asiye na haja ya kuonyesha watu. Aliomba chai ya rangi bila sukari, akainywa nusu. Alipoona picha ya mzee ukutani aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akauliza, "Huyu ndiye aliyeanza?" Nikajibu ndiyo. Akasimama pale kimya muda mrefu kiasi kwamba nilijikuta natafuta kitambaa cha kufuta macho.

Akatoa fomu ya kurasa 7. Mauzo ya mwaka. Benki gani. Wateja watano wakubwa. Nani ana sahihi ya mwisho kwenye hundi. Na la mwisho: "Ni jambo gani linalokunyima usingizi kama kiongozi?" Niliandika nusu ukurasa, tena kwa kalamu ya mzee. Hakuna mtu aliyeniuliza hilo tangu mazishi. Leo karatasi hiyo iko mikononi mwa mwizi, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Nilimuuliza, nani wengine watakuwepo? Msiseme sikuuliza. Akatabasamu: "Madam, sisi tunafuata kanuni ya Chatham House." Kanuni hiyo nimewahi kuisikia kwenye semina, kwa hiyo nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Baadaye nimeisoma. Ni kanuni ya huko London, ipo tangu 1927, na inasema unaweza kutumia ulichosikia mkutanini lakini usifichue nani alikisema wala ni wa shirika gani, wala nani mwingine alikuwepo. Hakuna mahali inaposema anayepokea pesa afichwe! Akaongeza kwamba hata Davos, ule mkutano wa wakubwa wa dunia huko Uswisi, ilianza na watu wachache tu kwenye meza moja. Hilo nalo nimelisoma: mkutano wa kwanza kule, 1971, ulikuwa na watu zaidi ya 400. Meza gani hiyo?

Kisha akanyamaza siku sita. Siku sita nzima. Mimi ndiye niliyempigia, mara mbili, na mara ya pili nilimwomba msamaha kwa kumsumbua. Nilimwomba mwizi msamaha.

Alhamisi akapiga: "Hongera, Madam Mkurugenzi." Nilifunga mlango wa ofisi nikacheza kidogo. Nimesema. Chekeni mmalize.

Saa mbili baadaye boda akaleta kadi. Karatasi nzito, herufi za dhahabu, muhuri wa nta nyekundu nyuma. Ada ya mwaka KSh 185,000, ilipwe kabla ya saa kumi na moja jioni kwa kuwa kiti kilikuwa kinagombaniwa na bwana mmoja wa bima. Nikauliza akaunti ya benki. Akasema akaunti inabadilishwa watia sahihi, nitumie till, ile nambari ya M-Pesa ya kulipia dukani, kwa leo. Sasa naelewa kwa nini ni 185,000: M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na yeye alitaka ipite mkupuo mmoja, kabla sijapoa.

Kijana wangu wa hesabu, Mungu ambariki, alisimama mlangoni akasema, "Madam, tuwaombe kwanza ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki, bila hiyo watu wa kodi, KRA, hawatakubali haya kama matumizi ya kampuni." Nilimjibu nini? Nilimwambia mambo mengine ni makubwa kuliko risiti. Akatazama viatu vyake, akaondoka. Nimemwomba radhi tangu siku hiyo, lakini bado ananitazama vile.

Nikalipa kwa simu yangu mwenyewe. Na jina lilionekana! Nilipoweka ile nambari, simu ikaniambia pesa zinaenda kwa duka la nafaka. Nafaka, jamani. Maharagwe na mahindi. Nikampigia. Hakusita hata kidogo: "Ah, hiyo ni ya kampuni mama, walianzia kwenye kilimo." Nikaona inaeleweka. Nani Kenya hakuanzia kwenye kilimo? Nikabonyeza.

Jumatano ya chakula mvua ilinyesha vile mnajua Nairobi hunyesha. Nilivaa ile nguo ya kijani ya harusi ya kitinda mimba wetu. Tukapanda Expressway kutoka Mombasa Road ili nisichelewe, tukashukia Westlands, nikafika hotelini saa kumi na mbili na dakika arobaini. Hoteli siitaji, wao hawana kosa, hata nao wametumiwa jina.

Pale mlangoni kuna ubao wa kuonyesha shughuli za siku. Zilikuwa tatu: mafunzo ya wauza bima, kamati ya harusi, na mkutano wa madaktari wa meno. Nikausoma mara mbili. Nikamwendea binti wa mapokezi, nikaongea kwa sauti ya chini kabisa kama mtu anayeuliza choo: "Meza ya wakurugenzi iko ghorofa ya ngapi?" Akatafuta kwenye kompyuta. Akampigia mwenzake. Akaniuliza, "Ni ya nani, Madam?" Nikamwonyesha kadi. Alipoitazama uso wake ulibadilika kidogo, akasema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza, "Kuna mzee pale naye ana kama hii."

Nikageuka. Kwenye makochi walikuwa watu watatu, kila mmoja peke yake. Mzee mmoja wa viatu vya kahawia alikuwa ameweka kadi ndani ya gazeti. Mama wa miwani alikuwa anajifanya anaongea na simu, na simu yenyewe imezimika. Kijana mmoja wa suti ya buluu alikuwa anautazama mlango kila unapofunguka. Nami nikaenda nikaketi kochi la nne, kadi nikaiweka kwenye mkoba. Tulikaa hivyo dakika ishirini na tano. Watu wanne wanaolipa mishahara ya watu huko nje, kila mmoja ameliwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza mwenzake. Ndivyo wizi huu unavyofanya kazi. Ukimwibia mama mboga KSh 200 atapiga kelele soko zima lisikie. Sisi tunakohoa na kurekebisha tai.

Mwishowe mzee akafunga gazeti. "Samahani mama, na wewe ni wa chakula?" Yule kijana akaanza kucheka vibaya, kile kicheko cha kuzuia machozi. Simu ya jamaa ilikuwa imezimwa tangu saa kumi. Tukaagiza chai, tukajilipia wenyewe, na mkitaka ukweli, yale mazungumzo niliyolipia 185,000 niliyapata pale kwenye makochi kwa bei ya chungu kimoja cha chai. Lakini hilo halimsafishi!

Kesho yake nikatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba zirudishwe. Siku saba zilikuwa zimepita, till ilikuwa kavu. Nikaandikisha polisi, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Wakili wangu anasema Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi hadi KSh 1,000,000 na sheria inaipa siku 60 kumaliza, lakini unamshtaki nani? Jina lililo kwenye kadi ni la hewa, tumetafuta kwa msajili wa kampuni hakuna. Na sasa sikieni: kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha sheria ya makosa ya jinai, kifungo hakizidi miaka 3. Ukiiba mbuzi unaweza kufungwa hadi 14! Mbuzi! Mimi nasema huyu apewe miaka ya mbuzi, mmoja kwa kila mtu aliyemla. Alale gereza la Kamiti sakafuni, chai apewe ya rangi bila sukari kila siku ya Mungu. Na zile hela zangu zitamtokea puani, yeye na huyo mwenye duka la nafaka, ambaye kama si mwizi basi aje atuambie till yake ilikuwa mkononi mwa nani.

Nimeambiwa niweke dalili. Haya: anwani yake ya barua pepe ilikuwa ile ya bure ya kila mtu, ina nambari mwishoni. Till haifanani na jina la mwandalizi. Hataki benki. Hatoi eTIMS. Ukiuliza wengine ni nani, anakuja na Chatham House. Na hoteli, mngepiga tu simu hotelini, dakika mbili, mimi sikupiga kwa sababu niliona haya kuonekana sijazoea mambo makubwa. Vikao halali vipo, KAM, chama cha wenye viwanda, wapo tangu 1959, KEPSA, muungano wa sekta binafsi, tangu 2003, na huko hakuna anayekuletea muhuri wa nta ofisini. Kubwa zaidi ni hiyo kuchujwa. Mtu akikufanya uogope kukataliwa, hutakumbuka kumchunguza yeye.

Kama ulishajaza ile fomu, wapigie wateja wako leo uwaonye, na benki yako pia. Mimi nimemwandikia Kamishna wa Data kwa ile sheria ya kulinda data ya 2019, sijui kama itasaidia, lakini karatasi yangu sitaki izunguke.

Yule wa Athi River hajamwambia jamaa kwamba amejua. Bado anajifanya anatafuta pesa. Jumatatu asubuhi tunaenda kwa wapelelezi wa DCI, Kiambu Road, sisi wanne pamoja naye, kila mtu na kadi yake na ujumbe wake wa M-Pesa. Kama na wewe umeliwa, njoo. Hakuna atakayekucheka, labda mimi kidogo. Usipotaka kuja, nitumie tu picha ya kadi kwa faragha, jina lako sitalitaja.

Na wewe mzee wa viatu vya kahawia, kama mtu atakusomea hii: mwavuli wako ulibaki kwenye gari langu.