Saruji nyeupe ya kuzibia jino: uzoefu wangu mimi muuza ukwaju

Nina magego matatu yaliyozibwa, kila moja kwa dawa yake. La juu lina amalgamu, ile ya rangi ya fedha, tangu ujana wangu. La chini kulia ni kompositi, inayogandishwa kwa taa ya buluu. La chini kushoto lilizibwa kwa saruji nyeupe, madaktari wanaiita glasi ayonoma. Yote yanapata adhabu ileile, kwani nauza juisi Ng'ambo, hapa Unguja: ukwaju, miwa ya kukamuliwa na ndimu, na ukifika msimu, embe mbichi. Muuza juisi haachi kuonja. Ongeza urojo wa jioni na ubuyu wa kumumunya tukipiga soga.

Naanza na saruji, maana ndiyo inayoulizwa sana. Kuwekwa kwake ni raha. Daktari alikwangua tundu kwa vifaa vya mkono, mashine haikulia, sindano ya ganzi sikuchomwa. (Njia hiyo, kwa taarifa yenu, ilianzia hapa hapa Tanzania, kule bara, katikati ya miaka ya 1980.) Saruji hushika jino yenyewe bila gundi, na hutoa floridi, madini ya kulinda jino, kidogo kidogo. Nikaambiwa nisile kwa muda, basi. Habari ya ukwaju hakuna aliyenigusia.

Mwanzo sikuwa na la kulalamika. Baadaye ulimi ukaanza kukuta mkwaruzo palipokuwa laini, kisha kibonde katikati, kisha ukingo ukaachia, nyuzi za embe zikawa zinanasa. Nikionja ndimu, jino la kwanza kufa ganzi ni hilo.

Nikenda kwa daktari mwengine, kijana mwenye subira.

"Mama, unakunywa nini sana?"

"Nauza ukwaju, mwanangu."

Akacheka, halafu akanifahamisha. Saruji hii ni unga wa kioo uliochanganywa na asidi. Asidi hiyo huchomoa kalsiamu na alumini kwenye kioo, na madini hayo ndiyo yanayoufunga mchanganyiko ukawa mgumu. Ikija asidi nyengine kutoka nje, inakifungua kile kilichofungwa. Ya ndimu ina uchokozi zaidi: mbali na ukali wake, huyanasa madini yale na kuondoka nayo. Jino lenyewe huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali unapanda) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Saruji huwa dhaifu zaidi siku ya kwanza, haijakomaa, ndiyo maana hupakwa vanishi au vaselini juu yake. Yangu haikupakwa kitu, na jioni ile ile nilikuwa dukani naonja.

Kompositi ni plastiki iliyojazwa vumbi laini la kioo. Asidi huipunguzia mng'aro na kuulainisha uso, lakini haiili kama inavyoila saruji. Yangu imeshika madoa ya chai, umbo ni lile lile. Ubaya wake ni bei, tena jino lazima liwe kavu kabisa wakati wa kuziba. Mate yakipenya, haishiki.

Amalgamu haijali ukwaju wala ndimu. Ila karibu nusu yake ni zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa juu ya zebaki, nchi zimekubaliana kuipunguza, kwa hiyo simpigii mtu debe. Nayo ina kituko chake: asidi ikilila jino pembeni, kizibo kinabaki kimechomoza kama kisiki shambani.

Basi saruji naipa nafasi yake. Kwa mtoto, kwa tundu la karibu na ufizi, kwa anayetetemeka akisikia mashine, ichukueni bila wasiwasi. Kwa gego la kutafunia la mtu anayeshinda na ndimu, dai kompositi. Mfuko ukikataa, dai saruji ipakwe juu kabla hujanyanyuka kitini, kisha urudi kuangaliwa.

Mimi siku hizi naonja mara moja, nasukutua kwa maji, na mswaki nausubirisha nusu saa hivi, kwani jino lililolainishwa na asidi hukwanguka likisuguliwa papo hapo. Lile la kushoto limeshazibwa upya kwa kompositi. Saruji naipa nyota tatu. Kompositi nne, ya tano naizuia mpaka nione gego hili jipya litavukaje Ramadhani, ndipo ukwaju unapouzika.