Mashine ya kutotolesha mayai 56: uzoefu wangu baada ya kuitumia mara tatu, Arua

Mashine hii niliinunua Kampala, kwenye maduka ya Container Village, nikapanda nayo basi hadi Arua nikiwa nimeipakata njia nzima. Ni ile ya plastiki ya mayai 56, inageuza mayai yenyewe na ina waya wa kuunga betri ya volti 12. Naipenda. Ila kipimajoto chake kiliniulia vifaranga, na hilo ndilo nataka mlijue kabla hamjatoa pesa.

Mara ya kwanza kioo kilisoma 37.8, nami nikaamini. Siku ya saba, usiku, nikazima taa nikaanza kumulika mayai nione ndani kuna nini. Taa maalumu sina: nilitoboa boksi la viatu tundu dogo kuliko yai, nikaweka tochi ndani, yai likakaa juu ya tundu kwa upande wake butu. Yai la kwanza lilinifanya nimwite binti yangu kwa sauti. Mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kuna doa jeusi linalochezacheza. Tulilitazama mpaka nikakumbuka kwamba linapoa.

Kisha yakaja mabaya. Mayai 9 yalikuwa meupe tu, hayana kitu. Hayo si kosa la mashine, jogoo wangu ni mmoja na matetea wamepita 20. Lakini 14 yalikuwa na pete ya damu: mstari mwekundu umezunguka ndani ya ganda, mishipa hakuna. Maana yake kifaranga kilianza kujiumba, kikafa.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliazima kipimajoto cha homa kwa jirani, nikakilaza juu ya mayai. Kikasoma 39.1. Joto likizidi nyuzi moja hivi kwa siku nyingi, viinitete, yaani vifaranga vinavyoanza kujiumba, hufa. Vilivyobaki vilianza kudonoa ganda siku ya 19 badala ya 21, vingine vikatoka na kitovu kibichi. Nilipata 17.

Marekebisho yapo kwenye vitufe vya mashine yenyewe, ila muuzaji hakunionyesha na karatasi ya maelekezo haieleweki. Mwambie akuonyeshe hapo hapo dukani. Na ununue kipimajoto cha pili, usikose.

Mara ya pili nilipata 38. Umeme ulikatika usiku na betri yangu ya sola ilikuwa imeisha, nikafunika mashine kwa blanketi zito kama saa mbili. Mayai yalivumilia kuliko nilivyotegemea.

Unyevu nao una kazi yake. Mashine ina mifereji miwili ya maji chini. Siku 18 za mwanzo najaza mmoja, siku tatu za mwisho nazima kigeuzi na kujaza yote miwili. Baada ya hapo sifungui. Mara ya tatu nilifungua siku ya 20 nikitaka kusaidia kifaranga kilichokuwa kinalia ndani, na utando ukawakaukia wenzake wawili wakagandia humo. Bibi jirani, ambaye maisha yake yote anatumia kuku wanaoatamia, aliniuliza kama nimewahi kuona tetea akiacha kiota siku hizo. Sijawahi. Hata hivyo nilitoa 41.

Mayai ya kahawia ni magumu kumulika siku ya saba. Kama huoni vizuri, usiyatupe, yarudishe uyamulike tena siku ya 14. Yasiyo na kitu yatoe mapema, maana yai viza likipasuka humo ndani linachafua yote.

Jumamosi naweka mayai ya kanga. Hayo huchukua siku 26 hadi 28 na ganda lake ni nene, kwa hiyo nitasubiri siku ya kumi ndipo nimulike. Kipimajoto cha pili tayari kimo ndani, kinasoma 37.6.