Swichi janja ya hita ya maji: tathmini kwa nyumba za Nairobi

Swichi janja za hita ya maji zimejaa katika maduka ya vifaa vya umeme ya Barabara ya Luthuli, nyingi zikiwa za umbo moja na majina tofauti kwenye kasha, na wauzaji huzinadi kwa ahadi kwamba tokeni zitadumu zaidi. Ninayoitumia nyumbani ni ya ampea 20, inaunganishwa na Wi-Fi na kuendeshwa kwa programu ya simu, ambamo unaipangia ratiba ya saa za kuwaka na kuzima, nayo inasimamia hita ya tangi la lita 100 yenye koili ya kilowati 3. Nimekuwa nayo tangu kabla ya baridi ya Juni hadi Agosti, msimu ambao hakuna mtu Nairobi anayetaka kuoga maji yasiyopashwa. Nimeridhika nayo, ila ahadi ya wauzaji inahitaji kupimwa kwa makini.

Kwanza kabisa, kifaa hiki hakiifai nyumba yenye hita ya kuoga inayopasha maji papo hapo, aina ambayo ndiyo iliyofungwa katika nyumba nyingi za kupanga jijini. Hita hiyo huvuta kilowati 5 au zaidi wakati mtu anapooga, na haina mahali pa kuhifadhi joto, kwa hiyo huwezi kubadilisha saa yake ya kutumia umeme bila kubadilisha saa ya mtu kuoga. Tangi ni jambo jingine, kwa kuwa maji yaliyopashwa alfajiri huwa bado moto watoto wanapojiandaa kwenda shule, na likiwa na kihami joto kizuri, yanatosha hata kwa anayeoga jioni.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 60 za Selsiasi huhitaji karibu uniti 5 za umeme, na koili ya kilowati 3 huifanya kazi hiyo kwa takriban saa moja na dakika arobaini. Uniti hizo hakuna swichi inayoweza kuzipunguza, hata iwe na programu nzuri namna gani. Kinachopungua ni joto linalopotea bure. Katika chati ya matumizi iliyomo kwenye programu, siku ambayo hita iliachwa ikiwaka kutwa, niliona vijiti vifupi vikijirudia mchana wote: hiyo ilikuwa termostati, yaani kidhibiti joto cha hita, ikiwasha koili kwa dakika chache, tena na tena, kulinda maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Tangi la ukubwa huu linaweza kupoteza uniti moja hadi mbili kwa siku kwa njia hiyo, na ratiba nzuri huokoa sehemu tu ya hasara hiyo. Aliyezoea kusahau hita ikiwaka ataiona tofauti katika tokeni zake, lakini aliyekuwa akiizima kwa mkono kila siku hataona kubwa.

Kuhusu ufungaji, sitanii: tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini. Koili ya kilowati 3 huvuta zaidi ya ampea 12 mfululizo kwa muda mrefu, na swichi za ampea 10 zinazouzwa kwa bei ya chini kando ya hizi hazistahili kukaribia hita. Fundi wangu aliiacha swichi ya zamani ya nje ya bafu, ile yenye taa nyekundu inayokata waya zote mbili, kwa sababu swichi janja nyingi hukata waya mmoja tu, na mtu anayefungua hita kuitengeneza anahitaji umeme uwe umekatika kabisa. Termostati nayo hubaki kazini, ikiwa imewekwa nyuzi 60, kwani maji ya uvuguvugu yanayokaa kwenye tangi ni makazi ya bakteria wa lejionela.

Kasoro niliyoiona ni moja. Ratiba huhifadhiwa ndani ya swichi na hufanya kazi hata intaneti ikikosekana, lakini umeme ukikatika kisha ukarudi kabla ruta haijashika mtandao, swichi haijui ni saa ngapi na ratiba husubiri. Katika mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara, hilo lina maana ya asubuhi kadhaa za maji baridi. Hata hivyo, nakusihi uingie kwenye mipangilio na uiambie swichi ibaki imezimwa umeme unaporudi. Hita zote za mtaa zikiamka pamoja zikiwa zimepoa, transfoma iliyorejeshwa sasa hivi hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko wa kawaida, na huenda stima ikapotea tena.

Hapo ndipo thamani ya kifaa hiki inapovuka mipaka ya nyumba moja. Mahitaji ya umeme nchini hufika kilele kati ya saa moja na saa nne usiku, na mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Saa hizo mitambo ya mafuta kama ya Kipevu, Mombasa, huitwa kazini, na gharama ya mafuta yake humfikia kila mteja kupitia tozo ya mafuta inayobadilika kila mwezi. Usiku wa manane mambo hugeuka, kwa kuwa visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria haviwezi kufungwa na kufunguliwa kama bomba la jikoni, na mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Hita yangu huwaka saa tisa usiku na kuzima saa kumi na moja alfajiri, ikitumia umeme ambao nchi inao kwa ziada.

Kwa kufanya hivyo silipwi hata shilingi, na hili linaniudhi. Tangu Desemba 2017 wateja wa viwanda na biashara wamekuwa na bei nafuu kwa matumizi ya saa za usiku, ilhali sisi wa majumbani hupangwa kwa kiasi cha uniti za mwezi, mipaka ikiwa 30 na 100, bila kujali saa. Zamani hapa Kenya palikuwa na bei ya pekee ya kupasha maji nyumbani nje ya saa za kilele, kwa masharti kwamba umeme huo ungeweza kukatizwa. Nchini New Zealand hita za tangi zimekuwa zikizimwa na kuwashwa kwa ishara inayopita katika nyaya za umeme zenyewe kwa miongo mingi, na Ufaransa familia nyingi hupasha maji usiku kwa bei ya chini.

Kikwazo chetu kiko kwenye mita. Tokeni hubeba uniti, na mita ya kulipia kabla huzipunguza kwa namna ileile saa mbili usiku na saa tisa usiku. EPRA itakapokusanya tena maoni ya umma kuhusu bei za umeme, nitapeleka ombi la mita ya pili, ya hita peke yake, yenye bei ya usiku.