Huduma ya kuchambua mitandao ya jeni: waulize kwanza wanalinganisha na nini

Nimeilipia huduma hii mwaka huu kwa data ya damu ya wagonjwa wa malaria, na hasira bado imenikaa kooni. Michoro yao inapendeza, sikatai. Hesabu ndiyo mbovu.

Paneli yetu ilipima jeni 600 tu, karibu zote za kinga ya mwili, na 60 kati yake zilibadilika. Wao wakazilinganisha na jeni zote za binadamu zinazotengeneza protini, takriban 20,000, bila kuuliza wala kuandika popote. Sasa chukua njia ya kinga, yaani kundi la jeni zinazofanya kazi moja pamoja, yenye jeni 200. Ndani ya 20,000 hiyo ni asilimia 1, kwa hiyo katika 60 inatarajiwa 0.6. Sisi tulipata 13, thamani ya p (uwezekano wa kupata hivyo kwa bahati tu) ikaporomoka, skrini ikajaa rangi nyekundu. Lakini jeni 120 za njia hiyo zimo ndani ya paneli yetu! Ni moja kwa kila tano, yaani 12 katika 60. Kupata 13 mahali pa 12 si ugunduzi wowote.

Nikampigia wakala wao hapa Malindi. Jibu: "Dada, p ikiwa ndogo si ushukuru Mungu? Wenzako wanazitafuta hawazipati." Haya ni maradhi yanayoua watoto!

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa sehemu ya mtandao wa jeni, maana inasambaza alama za umuhimu kutoka kwa jeni hadi kwa jirani zake upesi, hata intaneti ikisuasua. Nikaitazama tena. TP53, jeni maarufu ya saratani, iko juu karibu kila orodha, kwa kuwa imechunguzwa mno na ina viunganisho tele, malaria haihusiki. Dawa yake ni kubadilishana alama kati ya nodi (jeni kwenye mtandao) zenye viunganisho vya idadi inayokaribiana, tuseme mara 1,000, kisha kulinganisha. Kwao hilo halipo. Nyota tatu nimezifuta.

STRING, hifadhidata ya mahusiano ya protini, ni bure na inapokea orodha yako ya jeni zote zilizopimwa. Anza na alama ya uhakika wa kiunganisho ya 0.7, ile ya 0.4 huleta viunganisho dhaifu. Hamishia Cytoscape, programu ya kuchora mitandao, hifadhi faili, hata bila intaneti utaendelea. Kabla ya hapo, ondoa nukta na namba ya toleo mwishoni mwa vitambulisho vya jeni vya hifadhidata ya Ensembl, na kwenye Excel weka safu ya majina iwe maandishi, la sivyo majina ya zamani kama SEPT2 na MARCH1 (tangu 2020 ni SEPTIN2 na MARCHF1) yatageuka tarehe. Huduma hii huyatupa majina ya namna hiyo kimyakimya, bila hata onyo moja.